Kufuli Tatu za Mfalme Stephen

Inspekta Beryl Cutts alikuwa amepanga kupanda viazi Jumamosi ile. Badala yake, saa tano kasorobo asubuhi, alikuwa amepiga magoti katika chumba cha nyuma cha kanisa la Addlebury, pua yake ikikaribia kugusa kufuli ya kwanza kati ya tatu.

"Unanusa nini, Inspekta?" aliuliza Kasisi Hubert Lisle. Katika miaka kumi na tisa ya kuzika na kuozesha, hakuwahi kupata polisi kanisani isipokuwa kwenye harusi, na alikuwa anafurahia kuliko inavyompasa kasisi aliyeibiwa.

"Mafuta. Anayetaka kufungua kufuli kuukuu kwa waya hupaka mafuta kwanza. Hapa hakuna mafuta wala mkwaruzo." Alisimama akajipangusa magoti. "Kasha hili limefunguliwa kwa funguo zake. Zote tatu."

"Haiwezekani."

"Ingewezekana nisingeitwa."

Kasha lilikuwa la mwaloni, refu la kumlaza mtu mzima, na limekaa sakafuni chini kabisa, kufuli zake zikiwa usawa wa muundi. Ndani mlikuwa na vitabu vya ubatizo vya zamani na bati la biskuti lenye picha ya paka. Katika bati hilo ndimo ilimokaa hati ya ngozi ambayo kwayo Mfalme Stephen aliwapa watu wa Addlebury malisho ya kando ya mto. Bati lilikuwepo, hati haikuwepo.

Vijiji vingine vya Uingereza vina timu za kriketi. Sisi Addlebury tuna Stephen. Mwaka 1135 Mfalme Henry alikufa bila mtoto wa kiume, akiwa amekwisha kuwaapisha wakubwa wote kwamba watamtawaza binti yake, Matilda. Stephen, mpwa wake, naye aliapa kama wengine. Mjomba alipokata roho, Stephen akavuka bahari mbio, na hata mwezi haujaisha taji likawa kichwani mwake. Wakapigana na Matilda karibu miaka ishirini. Addlebury ya Juu ilikuwa ya Stephen, Addlebury ya Mtoni ikawa ya Matilda, na mpaka mwaka wa kisa hiki, 1978, tulikuwa bado hatujapatana.

Kila Jumamosi ya pili ya Mei, saa tisa alasiri, tunakutana ukumbini. Kila upande unatoa msemaji mmoja: Stephen alikuwa mfalme halali, au mnyang'anyi? Baada ya hapo kila mtu hutumbukiza punje moja ya haragwe kwenye jagi la upande anaoutaka. Wapo wachumba walioachana kwa sababu ya haragwe.

"Sasa nieleze Alhamisi," alisema Inspekta, akafungua daftari. "Polepole. Usiniruke hata kupiga chafya."

Kasisi alieleza. Funguo ni tatu: wa kwanza hukaa na mtu wa Juu, wa pili na mtu wa Mtoni, wa tatu na kasisi, ambaye kwa kanuni hana upande, na kama anao basi afe nao. Alhamisi walilifungua kasha kwa sababu Daktari Rosalind Keech, mtaalamu wa chuo kikuu, alikuwa anakuja Jumamosi kuisoma hati hadharani kwa mara ya kwanza. Walitaka kuipangusa vumbi. Waliipangusa, ikarudishwa ndani ya bati, bati likarudishwa ndani ya kasha, kifuniko kikashushwa mbele ya macho yao sita.

"Halafu?"

"Halafu tukafunga. Anafunga kwanza Mzee Wilfred Tuckwell wa Juu. Anafuata Bibi Honor Pargeter wa Mtoni. Mimi namalizia."

"Mkitazamana?"

Kasisi alishtuka kidogo. "Hapana! Anayefunga, wenzake humpa mgongo. Ni adabu, Inspekta. Tangu enzi na enzi. Kumkodolea mtu macho anapozungusha ufunguo wake ni kama kumchungulia bafuni."

Inspekta aliandika hilo, akalipigia mstari mara mbili. "Na leo asubuhi?"

"Leo saa tatu tumefungua, kwa utaratibu uleule, mimi wa mwisho. Kifuniko tumekiinua sote kwa pamoja. Bati tupu."

"Kwa hiyo kufuli moja tu ikishafungwa, kifuniko hakiinuki tena?"

"Hata ukileta farasi wawili."

"Basi aliyeweza kutoa hati ni mtu mmoja peke yake. Yule anayefunga kwanza, wenzake wakiwa wamempa mgongo."

Kasisi alitazama sakafu. Furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Kamati nayo imeona hivyohivyo. Isipopatikana kufikia saa tisa, Wilfred atasimama mbele ya ukumbi arudishe ufunguo. Ameushika miaka thelathini na mmoja, kabla yake baba yake, kabla ya baba yake babu yake. Nakwambia kweli, Inspekta, kitamuua kitu hicho."

"Kuna mtu mwingine yeyote aliyeitaka hati?"

Alikuwapo: bwana mmoja wa London mwenye gari la kijani, aliyekuja Jumatano akataka kuinunua. Inspekta alikwenda kwenye simu ya kasisi, akapiga mara mbili, akarudi na kulikata jina la yule bwana daftarini. Alikuwa amelazwa hospitali tangu Alhamisi alfajiri, ametolewa kidole tumbo.

"Niletee hao wenye funguo," alisema.

Walisikika kabla hawajaonekana, maana walikuwa wakija na ugomvi wao uani.

"Aliapa!" ilikuwa sauti ya mwanamke, kali, ya mtu aliyefundisha Kilatini miaka arobaini. "Aliweka mkono, akaapa, akakitafuna kiapo chake kama biskuti!"

"Alilazimishwa kuapa! Kiapo cha kulazimishwa si kiapo!"

"Nani alimlazimisha? Mjomba wake aliyemlea na kumpa mashamba nusu ya nchi? Shukrani ya punda hiyo, Wilfred."

"Na London je? Huyo Matilda wako walimfukuza London hata taji hajalivaa! Watu walikuwa wanakula, wakaacha sahani mezani, wakatoka kumfukuza!"

"Kwa sababu alikuwa mwanamke anayesema wazi. Mngekuwepo ninyi mngemfukuza vilevile!"

Mlango ukafunguka. Bibi Honor Pargeter alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, kofia ya majani kichwani. Mzee Wilfred Tuckwell alimzidi miaka mitatu. Alikuwa amevuta vyuma vya ishara za treni maisha yake yote mpaka mabega yakawa mapana kama kabati, na tai yake ya bluu, rangi ya Stephen, ilikuwa imefungwa tayari kwa ajili ya mjadala. Alitembea kwa fimbo.

"Mguu umefanyaje, Mzee?" aliuliza Inspekta.

"Jumanne. Nilikuwa natundika bendera ukumbini, ngazi ikaniacha."

"Nilimwambia asipande," alisema Bibi Pargeter. "Lakini mtu wa Stephen huwa haambiliki."

"Mzee, nina swali moja tu. Alhamisi, ilikuwaje?"

Mzee Tuckwell alitazama viatu vyake. "Nilifunga." Kisha akainua uso, akamtazama Inspekta machoni moja kwa moja. "Sikuiba. Basi."

Inspekta Cutts hakuandika kitu. Alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe, wezi wa magari na meneja mmoja wa benki, na alijua watu wengi husema kweli na uongo kwa pumzi moja. Mzee huyu alikuwa amesema sentensi mbili. Moja aliviambia viatu.

"Nataka turudie," alisema. "Kama Alhamisi hasa. Kifuniko kimeshushwa. Sisi wengine tugeuke. Mzee, funga."

Waligeuka watatu: Inspekta, Kasisi na Bibi Pargeter, nyuso zao zikitazama ukuta ulioning'inizwa kanzu za wanakwaya. Nyuma yao fimbo iliegemezwa. Ukafuata mlio wa goti, kisha, "Mama yangu wee!" Ufunguo ukatafuta tundu, ukalikosa, ukalitafuta tena. Mwishowe kufuli ikalia tak.

"Tayari," alisema Mzee Tuckwell kwa sauti ya chini. "Ila... Kasisi, nishike mkono. Siwezi kuinuka."

Walimwinua, Kasisi kwapa la kulia, Inspekta la kushoto, na zoezi zima lilichukua muda wa kutosha kuchemsha chai. Alipokuwa amekwisha kukaa juu ya kasha, jasho likimtiririka, Inspekta alimgeukia Kasisi.

"Alhamisi ulimwinua hivi?"

"Alhamisi?" Kasisi alifikiri. "Hapana. Sikumwinua."

"Uliusikia mlio wa goti? 'Mama yangu wee'?"

"Hapana. Nilisikia tak, halafu tak. Karibukaribu sana. Nikageuka, ilikuwa zamu yangu." Alikuwa ameanza kuona, na hakupenda alichokiona. "Ajabu. Na mguu aliuumiza Jumanne."

Mzee Tuckwell alikuwa amerudi kwenye viatu vyake. Bibi Pargeter alikuwa akitazama dari kana kwamba kuna mtu ameandika Kilatini pale.

"Kasisi," alisema Inspekta, "naomba unitafutie kikombe cha chai. Bibi Pargeter, nenda nyumbani, nitakuja kukuona. Mzee na mimi tutakaa hapa kidogo."

Walipobaki wawili, Inspekta alikaa naye juu ya kasha. Nje, watu walikuwa wakipanga meza za keki, wakibishana iwapo keki ya Mtoni iwekwe kushoto au kulia.

"Ulimpa ufunguo," alisema.

"Sikumpa."

"Hukuweza kupiga goti. Alikunong'oneza, leta nikufungie. Ukampa, ukageuka ukampa mgongo, kwa adabu. Akafunga kufuli yako na yake, tak, tak, na leo asubuhi akakufungulia vilevile. Mficha uchi hazai, Mzee. Sema uondokane na balaa."

Mzee Tuckwell aliishika fimbo kwa mikono miwili. "Afande, unajua babu yangu alisema nini alipokuwa anakufa? Hakusema kwaheri. Alisema, 'Usiwape Mtoni ufunguo.' Akakata roho. Na mimi nimewapa. Sikuporwa wala sikulewa. Nimeutoa kwa mkono wangu kwa sababu ya goti! Ukiliandika hilo, huko Juu hawatanisalimia tena. Mwizi wanaweza kumsamehe."

"Kwa hiyo uitwe mwizi badala ya kumtaja aliyeiba?"

"Nani kaiba?" Alikuwa amekasirika kweli sasa. "Honor? Honor hawezi kuiba! Anaweza kukutukana mpaka ukatafuta pa kujificha, lakini kuiba hawezi. Hata sijui hiyo hati imekwenda wapi. Najua tu kwamba si yeye."

Inspekta alimtazama yule mzee, akamhurumia, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akasahau viazi vyake.

Nyumba ya Bibi Pargeter ilikuwa ya mwisho kabla ya mto. Ilikuwa imetimia saa saba na nusu. Mwenye nyumba alikuwa ameandaa meza uani, kitambaa cheupe, birika, vikombe viwili, na keki ya limau iliyokatwa vipande viwili tu.

"Ulijua nakuja," alisema Inspekta.

"Uliniambia unakuja. Kaa. Maziwa?"

"Kidogo. Bibi Pargeter, iko wapi?"

Bibi Pargeter alimimina chai. "Kikombe chako kiko juu yake."

Inspekta alikinyanyua kikombe kwa haraka ambayo haikumpendeza mwenyewe. Bibi Pargeter alikunja ncha ya kitambaa, na chini yake, kati ya karatasi mbili safi, hati ya Mfalme Stephen ilikuwa imelala imenyooka, muhuri wake wa nta ukining'inia pembeni mwa meza kama kengele ya mbuzi.

"Upande wetu haturuhusiwi kuigusa," alisema. "Inakaa ndani ya bati, inatolewa mara moja kwa mwaka, Wilfred anaipunga hewani, inarudi. Alhamisi ndiyo siku ya kwanza maishani mwangu kuishika mkononi. Wao wawili walikuwa wanatafuta kitambaa cha kupangusia. Nami nikaisoma."

"Inasema nini?"

"Inasema wanachosema siku zote. Malisho, mto, mipaka, jiwe jeupe mpaka mti mkubwa. Halafu mwisho ina tarehe. 'Imetolewa hapa Addlebury mbele ya Mfalme, siku ya Sikukuu ya Mishumaa, mwaka 1141.'"

"Na kisha?"

Bibi Pargeter alimtazama kama mwanafunzi aliyeshindwa kujumlisha mbili na mbili. "Afande, siku hiyo, tarehe mbili Februari, Stephen hakuwa Addlebury. Alikuwa Lincoln, mwendo wa siku nyingi kutoka hapa, anapigana kwa miguu. Shoka lilimvunjikia mkononi, mtu akampiga jiwe la kichwa, wakamfunga. Mtoni tunaoka keki kila mwaka siku hiyo! Hakuna mtoto wa Addlebury asiyeijua. Hati hii waliitunga watawa wa hapa baadaye, walipowatafutia watu wao malisho. Ni ya kughushi."

Inspekta alikunywa chai yake. "Basi umeshinda. Ungekaa tu kimya, Daktari Keech angeisoma, mambo yakaisha."

"Ndiyo. Angeisoma." Bibi Pargeter aliweka birika chini. "Na Wilfred angekuwa amesimama pale mbele na tai yake ya bluu, kifua mbele, akingoja. Halafu mtu mmoja wa kwetu angeanza kucheka. Ninawajua, wangecheka mpaka Krismasi. Afande, mimi na Wilfred tumesimama ukumbini pale mara thelathini na moja. Nimemshinda kumi na nne, amenishinda kumi na saba. Nataka kumshinda. Sitaki kumvunja."

"Na sasa anaitwa mwizi."

Bibi Pargeter aliisukuma kando sahani yake ya keki. "Sikujua kamati ingefika huko! Nilidhani watasema panya."

"Panya mwenye funguo tatu?"

"Sikufikiri vizuri, sawa? Sijawahi kuiba, sina mazoezi. Nilitaka kuirudisha Jumatatu, yule daktari akishaondoka. Na nilijua wakimbana, Wilfred atasema tu kwamba alinipa ufunguo. Mtu yeyote mwenye akili angesema. Kwa nini hasemi, punguani yule?"

"Nimemuuliza. Anasema Honor hawezi kuiba."

Bibi Pargeter alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza, akaendelea kuifuta ilhali ilikuwa safi. Alikuwa analia, na hakujaribu kuficha.

"Nipe kofia yangu," alisema mwishowe. "Saa tisa haijafika."

Ukumbi ulikuwa umejaa, Juu kulia, Mtoni kushoto, na katikati njia pana ambayo hakuna aliyethubutu kuweka kiti. Kwenye jukwaa walikuwapo Kasisi, majagi mawili, na Daktari Rosalind Keech, msichana mwenye kioo cha kukuzia herufi na uso wa mtu aliyekaribishwa kwenye msiba wa watu asiowajua. Mzee Tuckwell alikuwa amesimama mbele yao, ufunguo ukiwa kiganjani.

"Kwa mujibu wa kanuni," alianza Kasisi kwa huzuni.

"Kaa na kanuni yako, Hubert," alisema Bibi Pargeter akipita katikati. "Niliichukua mimi. Hii hapa. Wilfred goti lilikuwa linamuuma, nikamwomba ufunguo wake, akanipa kwa wema, nami nikautumia wema wake vibaya. Nilitaka kushinda. Mwizi ni mimi."

Ukumbi ulilipuka. Watu wa Juu walisimama, wa Mtoni wakasimama kwa kuwa wa Juu wamesimama. "Alimpa ufunguo!" mmoja alipiga kelele. "Tuckwell kawapa Mtoni ufunguo!" Inspekta Cutts, mlangoni, alifungua mdomo. Uongo huo mdogo wa mwisho haukumpendeza. Lakini Mzee Tuckwell alikuwa ameinua fimbo.

"Nyamazeni! Ndiyo, nilimpa." Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Anayetaka kuninunia aninunie kesho. Leo kuna mgeni, kaja kusoma. Binti, soma."

"Wilfred, haina haja," alisema Bibi Pargeter haraka.

"Soma, binti."

Daktari Keech alisoma, akitafsiri taratibu. Malisho, mto, jiwe jeupe. Alipofika kwenye tarehe alisimama, akasogeza kioo, akaisoma, kisha akairudia. Kilikuwa kimya cha watu mia mbili wanaohesabu. Halafu huko kushoto, nyuma, mtu mmoja akaanza kucheka.

Mzee Tuckwell hakumtazama. Alimtazama Bibi Pargeter. "Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Tangu Alhamisi. Ndiyo maana."

"Usijidanganye, nilitaka kushinda," alisema Bibi Pargeter, lakini sauti haikumsaidia.

Kicheko kilikuwa kimeenea safu nne sasa. Mzee Tuckwell aliegemea fimbo, na Kasisi akasogea kumshika. Kisha akamgeukia mtaalamu.

"Binti. Iliandikwa lini hasa?"

"Kwa mwandiko huu wa watawa... labda miaka sitini baada ya Stephen kufa."

"Na kiti cha enzi alikikalia nani wakati huo?"

"Mfalme John. Mjukuu wa Matilda."

"Na hawa watawa wako, waliighushi ya nini?"

"Kwa kawaida waliipeleka mahakamani, mahakama iwape watu wao ardhi."

"Wakapewa?"

"Naona mnachunga pale mpaka leo."

"Ahaa!" Fimbo ilipiga sakafu. "Mmesikia huko nyuma, mnaocheka? Mjukuu wa Matilda yuko kwenye kiti. Watawa wanataka neno la mfalme ambalo hakimu wa mjukuu huyo hatalikataa. Wanaweza kumwandika yeyote! Wangemwandika Matilda wenu. Hawakumwandika. Wakamwandika Stephen, na hakimu akakubali! Nani aliwahi kughushi noti ya nchi isiyokuwepo? Hii ngozi inasema uongo juu ya malisho, lakini juu ya Stephen inasema kweli tupu: mahakama ya adui zake ilimjua kuwa mfalme!"

Upande wa Juu ulipiga miguu mpaka vikombe vikaanguka. Wa Mtoni waliacha kucheka, wakaanza kubishana wao kwa wao. Daktari Keech alikuwa ameketi, akiandika jambo upesi nyuma ya bahasha. Mlangoni Inspekta naye aliandika: mali imepatikana, hakuna mashtaka.

"Mzee Tuckwell," alisema Kasisi akipangusa uso, "nadhani ukumbi wote unakubali. Ufunguo ni wako, kaa nao."

"Hapana, Kasisi. Siwezi tena kupiga goti, na mtu asiyeweza kufunga asishike ufunguo." Aliutazama kiganjani. "Stephen mwenyewe, vita ilipomchosha, hakungoja kunyang'anywa. Alibaki na taji mpaka kufa, na mrithi akamwandika mtoto wa Matilda. Watu wake walimlaani. Nchi ikalala usingizi."

Akavuka ile njia pana, kwa fimbo, akaunyoosha mkono wenye ufunguo.

"Mimi?" alisema Bibi Pargeter. "Wa Mtoni? Watu wako watakuchinja, Wilfred."

"Wajaribu. Wewe umekuwa tayari kuitwa mwizi ili mimi nisichekwe. Huko Juu simjui mwingine wa namna hiyo."

Bibi Pargeter aliupokea kwa mikono miwili. "Wewe mwanamume mjinga," alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Sasa mimi nitagombana na nani?"

"Na mimi. Ufunguo nimekupa, Honor. Mdomo sijakupa. Kaa chini, sijamaliza."